Inakula Nini? Maneno kwa Mafundi Vijana wa Mitandao, Chake Chake

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi vijana na wasimamizi wa mitandao ya hoteli na skuli, Chake Chake. Waliokosa nafasi wameniomba niyaweke yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Michoro ya ukutani nimeiacha, hamkukosa kikubwa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana wa nyuma mnaoinamisha vichwa kutafuta waifai ya ukumbi, nawaona. Msijichoshe, ina matatizo yake, na tutafika huko.

Nimeitwa niseme juu ya kufunga akses pointi za kazi, yaani vifaa vinavyorusha waifai. Sisemi zile rauta za nyumbani za antena mbili zinazowekwa juu ya kabati la televisheni. Nasema zile nyeupe za duara zinazokaa darini, za hoteli, skuli, hospitali na ofisi, ambazo mara nyingi zinaletewa waya mmoja tu, na waya huo ndio unaobeba mtandao na umeme pamoja.

Watu wakija kwetu wanakuja na neno moja: "Fundi, mtandao hauna kasi." Mwenye hoteli anasema hivyo, mwalimu mkuu anasema hivyo, daktari wa kituo cha afya anasema hivyo. Na sisi tukishasikia kasi, akili inakimbilia hewani. Tunatoa simu tunapima, tunabadilisha chaneli, tunapiga simu kuilaumu kampuni ya intaneti. Mimi nawaambia anzeni upande wa pili. Anzeni na umeme. Kisha waya. Kisha mahali kifaa kilipokaa. Hewa ije mwisho. Malalamiko mengi ya kasi niliyoyakuta katika kazi hii yalikuwa ya umeme mdogo, waya mbovu, au kifaa kuwekwa pasipo pake, na kampuni ya intaneti ya watu haina habari wala kosa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, kila ninapoingia mahali, ni hili: inakula nini? Ile akses pointi pale juu, inakula nini?

Mkiniuliza wengi wenu mtajibu, "Inakula PoE." Sawa. PoE ni jina la njia tu, ya kupitisha umeme ndani ya waya wa mtandao. Umeme kiasi gani? Hapo ndipo watu wanapotazamana.

Hebu tuielewe njia yenyewe. Swichi ya PoE ya kiwango, kile kisanduku cha matundu mengi, au poti, kinachogawa mtandao na umeme, haimwagi umeme ovyo kwenye waya. Inapiga hodi kwanza. Inatuma volti chache, kati ya 2.7 na 10, na kusikiliza kama upande wa pili kuna ukinzani wa kama kilo-omu 25. Huo ukinzani ndio "karibu" yenyewe. Ukiwepo, swichi inauliza tena mgeni ni wa daraja gani, kisha ndipo inafungua volti zake, 48 au zaidi kidogo. Usipowepo, inanyamaza. Ndiyo maana ukichomeka kompyuta yako kwenye poti ya PoE haiungui.

Sasa kuna injekta, vile visanduku vya kutia umeme kwenye waya, zinazoingia bila hodi. Zile ndogo nyeusi za volti 24 zinazokuja na antena za masafa. Zenyewe hazina ubaya, kwa vifaa vyake zinafanya kazi vizuri. Ubaya ni fundi kuikuta imezagaa kwenye mkoba akaichomeka kwenye akses pointi ya kiwango, kisha anashangaa haiwaki. Na ubaya mkubwa zaidi ni zile za volti 48 zisizouliza, ukazielekeza kwenye kifaa kisichotaka umeme. Hapo utanunua kifaa cha watu. Injekta isiyoandikwa kiwango chake, usiitie mkononi kabla hujajua inatoa nini.

Na kiwango ni namba. Naomba muandike, hizi ndizo namba pekee nitakazowalazimisha kuzihifadhi leo. Cha kwanza ni 802.3af cha mwaka 2003: swichi inatoa wati 15.4, kifaa kinahakikishiwa 12.95. Cha pili, 802.3at cha 2009: swichi inatoa 30, kifaa 25.5. Cha tatu, 802.3bt cha 2018, kina ngazi mbili: swichi inatoa 60 kwa kifaa kupata 51, au inatoa 90 kwa kifaa kupata karibu 71.

Kwa nini namba mbili mbili? Kijana wa shati la bluu, umetikisa kichwa, unajua? ... Sawasawa, waya unakula njiani. Tazameni hesabu ilivyo nzuri. Kiwango cha af kinachukulia waya wenye ukinzani wa omu 20 na mkondo wa ampea 0.35. Zidisha mkondo kwa mkondo, zidisha kwa ukinzani: 0.35 mara 0.35 mara 20, unapata wati 2.45. Toa 2.45 kwenye 15.4, unapata 12.95. Ile 2.45 imegeuka joto ndani ya dari lako. Hakuna siri hapo wala hadithi ya kiwandani.

Basi nunua akses pointi ya kisasa ya Wi-Fi 6, fungua karatasi yake, utakuta nyingi zinataka af ya juu kabisa au at, na zile kubwa zinataka bt. Sasa ukiipa af kifaa kinachotaka at, kinafanyaje? Wengi mnadhani kitakataa kuwaka. Laiti kingekataa! Nyingi zinawaka vizuri, taa inang'aa, jina la mtandao linaonekana, na ndani kifaa kimezima baadhi ya antena zake au kimepunguza nguvu za redio ili kiishi kwa kilichopewa. Mteja amelipia kifaa kizima anatumia nusu. Na wewe fundi unapima kasi, unaona ndogo, unailaumu kampuni ya intaneti. Ingia kwenye ukurasa wa kifaa, tafuta palipoandikwa umeme. Mara nyingi kitakwambia chenyewe kwamba kinafanya kazi kwa umeme mdogo. Kimesema tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekwenda kusoma.

Nitawapa kisa cha Unguja, kaskazini, kwenye hoteli ambayo jina lake naliweka mfukoni. Mchana mtandao shwari. Ikishapita magharibi, ukumbi wa chakula unakatika, unarudi, unakatika. Meneja ameshagombana na kampuni, ameshaletewa rauta mpya, ameshanunua kifurushi kikubwa zaidi. Usiku ukifika ni yale yale. Kijana wao wa zamu akanipeleka chumba cha nyuma ya jiko, joto, harufu ya samaki wa kukaanga, swichi imekaa juu ya friza. Swichi ya poti nane za PoE, zote zina haki ya kutoa wati 30. Nikaigeuza. Ubavuni, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu, imeandikwa jumla ya wati 65.

Mnaisikia hiyo? Kila poti 30, poti nane, lakini zote pamoja 65. Chukua kikokotoo: akses pointi nne, kila moja ikifanya kazi kwa nguvu inafika wati 20. Nne mara 20 ni 80. Mchana wageni wako baharini, kila moja inakula kumi au kumi na mbili, mambo yanakwenda. Jioni wageni wote ndani, simu mbili mbili, kila mmoja anapakia picha za jua linavyozama. Ulaji unapanda, swichi inafika ukingoni, na inachofanya ni kukata poti ya mwisho kwa namba. Poti ya mwisho ilikuwa ya ukumbi wa chakula. Inazima, mzigo unashuka, swichi inaona nafasi ipo, inawasha tena. Na tunaanza upya.

Kumbukumbu za swichi zilikuwa zimejaa ujumbe huo huo, mstari chini ya mstari. Yule kijana akazisoma kwa kidole, akaniangalia, akasema, "Sasa bwana, hili si lingeandikwa mbele kwa herufi kubwa?" Nikamwambia wanaouza poti nane hawana haja ya kuandika 65 kwa herufi kubwa. Wakaletewa swichi ya wati 130 na rauta yao ya zamani ikarudi kazini. Kifurushi kile kikubwa, nadhani bado wanakilipia.

Kwa hiyo mnapoandika bei kwa mteja, jumlisheni ulaji wa juu wa kila kifaa, ongezeni robo, hapo ndipo mtafute swichi. Kinyume chake ni kununua swichi kwa idadi ya matundu.

Bado niko kwenye umeme, nivumilieni, maana sisi wa visiwani tuna la ziada. Wenzangu wa Unguja wa umri wangu wanakumbuka 2008, waya wa baharini kutoka bara ulipokufa na mji ukakaa gizani kiasi cha mwezi. Kisha Disemba 2009 hadi Machi 2010, mara ya pili, miezi mitatu. Nyinyi Pemba wakati ule mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha, mkituonea huruma au mkitucheka, Mungu anajua. Waya wa Tanga ukawafikia 2010. Leo hali ni nyengine kabisa, lakini umeme wa kuzima nusu saa na kurudi kwa kishindo tunaujua wote. Na akses pointi haipendi kishindo.

Uzuri wa PoE ni huu: huhitaji betri chini ya kila kifaa. Ukiilinda swichi, umezilinda zote. Tufanye hesabu ya skuli ya kawaida. Akses pointi nne kwa wastani wa wati 12 ni 48. Swichi yenyewe 10. Rauta na kisanduku cha faiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti, 12. Jumla wati 70. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ni wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi na asidi usiimalize, tumia nusu, 600, la sivyo itakufa mapema. Inveta inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Gawa kwa 70: saa saba na kidogo. Ikiwa ni ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80, unafika saa kumi na moja na zaidi. Na kama unaweza kupata swichi inayopokea umeme wa betri moja kwa moja, inveta itoe kabisa katikati. Kwa nini upandishe hadi 230 kisha ushushe tena?

Wangapi hapa wameshamfanyia mteja hesabu hii kwenye karatasi? Inueni mikono. ... Naona mikono miwili, na mmoja ni wa aliyenialika. Basi.

Tuingie kwenye waya.

Waya wa kwanza kuiunganisha Zanzibar na dunia ya mbali ulikuwa wa simu za maandishi, ulitua 1879 kutoka Aden kupitia chini ya bahari. Shaba, ndani ya mpira, ndani ya chuma. Walijua bahari itautafuna, wakauvisha. Sisi leo tunaning'iniza waya wa kijivu wa ndani ya nyumba kwenye ukuta unaotazama bahari, tunaubana kwa misumari, tunaondoka.

Jambo moja kubwa kwenye waya: shaba. Madukani kuna maboksi ya waya mepesi, bei nzuri, yameandikwa Cat6 kwa rangi ya kung'aa, na ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Rudini kwenye ile hesabu yetu ya joto: ukinzani ukipanda, kinacholiwa njiani kinapanda, kifaa cha mwisho kinabaki na kidogo. Na alumini ukiipinda mara mbili tatu kwenye jeki, ile ncha ya kuchomekea, inavunjika ndani bila kuonekana.

Nilikwenda skuli moja, akses pointi ya maktaba inawaka, inazima, inawaka, inazima. Swichi nzuri, wati zinatosha. Waya umekwenda kama mita 80 hadi kule, haujavuka 100, kwa hiyo kwa maandishi uko salama. Fundi aliyeufunga alikuwepo, kijana mwenye adabu, akasema, "Mwalimu, nimeupima kwa testa, taa zote nane zinawaka." Nikamwambia testa ya taa inakwambia nyuzi zimefika, haikwambii zimefika na nguvu gani. Tukakata kipande mwisho, tukachuna, nikachukua kisu nikakwangua uzi mmoja wa bluu. Ngozi ya juu ikatoka nyekundu, na chini yake nyeupe kama sindano. Akakichukua akakigeuzageuza mkononi, kisha akauliza boksi limebaki mita ngapi dukani kwake. Hakuwa mwizi. Aliuziwa.

Basi kisu mfukoni. Kabla hujalipa boksi, kwangua. Muuzaji akikataa usikwangue, umeshapata jibu.

Mita 100 nazo zina mgao wake: 90 za waya uliotulia ukutani, 10 za vipande vya kuunganishia pande zote mbili. Ukihitaji zaidi, usiunge waya katikati kwa tepu. Tumia faiba, na nitarudi kwenye faiba.

Na pwani? Pwani ni habari nyengine. Hewa ya chumvi, unyevu, na umeme wa PoE juu yake: vikikutana kwenye pini za RJ45, ndiyo ile jeki, pini zinakuwa za kijani na kuliwa. Nyumba ya wageni moja ya mashariki ya Unguja, akses pointi ya nje ilikuwa inakaa msimu mmoja inakufa. Walidhani ni kifaa duni. Kifaa kilikuwa na IP67, kinaweza hata kuzama. Tatizo fundi alikuwa amekifunga tundu la waya likitazama juu, na ule mpira wa kubana amewacha ndani ya boksi la kifaa pamoja na maelekezo. Maji ya masika yaliteremka juu ya waya moja kwa moja hadi kwenye jeki. Na hayakuishia pale: maji yakishaingia ndani ya gamba la waya yanaweza kutembea mita nyingi, na pale yalishuka hadi chumbani, yakatonea kwenye swichi. Nimeiona chumvi imekauka kwenye poti namba tatu, imesimama kama unga.

Tundu litazame chini. Mpira wa kubana ufungwe. Na kabla waya haujaingia ukutani, uache uteremke chini ya tundu kisha upande, ili tone la maji lianguke pale chini lisifuate waya kuingia ndani. Waya wa nje uwe mweusi wa kuhimili jua, na ukipata wenye jeli ndani, chukua huo. Ni dakika tano za kazi. Sijui kwa nini tunazionea uchungu.

Sasa mahali. Hapa nitasema na wenzangu wanaofanya kazi Mji Mkongwe, ingawa nyinyi wa Pemba pia mna nyumba za mawe.

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita, pengine zaidi. Vyumba vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa chumba. Sasa chukua mawimbi ya gigahezi 5, yapeleke kwenye ukuta ule, na ukuta wakati wa masika umenyonya maji. Unategemea nini? Kuta mbili, simu haina kitu. Hizi gigahezi 2.4 zinajikongoja kidogo zaidi, basi. Ile desturi ya "akses pointi moja kubwa ya nguvu katikati ya nyumba" hapa haifanyi kazi. Nyumba ile inataka vifaa vidogo vingi, nguvu ndogo, kila ghorofa, na viwekwe kwa kufuata milango na uwazi wa ua wa ndani, kwa sababu mawimbi yatapita kwenye mbao na uwazi kabla hayajapita kwenye jiwe.

Na kabla hujatoa drili: Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na upo chini ya Mamlaka ya uhifadhi. Kutoboa na kubadilisha nyumba zile kuna utaratibu. Uliza kwanza. Mara nyingi hutahitaji hata kutoboa. Kuna njia za zamani za nyaya za umeme, kuna pembe za boriti, kuna nyuma ya mbao za roshani. Tenganisha tu waya wako na nyaya za umeme wa 230.

Mzee mmoja mwenye nyumba kule alinikatalia kabisa kufunga kitu cheupe kwenye dari la boriti. "Mwanangu, dari hili la babu yangu, hilo sahani lako litakaa wapi?" Akataka tukifiche ndani ya kabati la mninga. Nikamwambia sawa, mzee, tujaribu, wewe ndiye utakayepima. Nikampa simu yake, akakaa barazani. Kikiwa kabatini, video inazunguka. Nikakitoa nikakishika juu karibu na boriti. Video ikaenda. Akanyamaza, kisha akasema, "Kitie rangi ya boriti." Na rangi isiyo na chuma ndani yake inaruhusiwa, haizuii mawimbi. Tukakitia.

Akses pointi za darini zimetengenezwa kutazama chini. Mawimbi yake yanatanda pembeni na chini, kwenda kwa watu. Ukiibandika ubavu kwenye ukuta, nusu ya kazi yake unaipeleka juu na chini. Sasa geukeni mtazame juu ya ule mlango wa ukumbi. ... Ehe. Imefungwa ubavu, nyuma yake kuna feni la chuma, na juu yake bati. Ndiyo ile mnayoitafuta tangu asubuhi.

Bati linarudisha mawimbi. Makuti makavu yanayaachia, yakilowa yanayapunguza. Kifaa kisifichwe juu ya dari la vigae vya chuma. Mita mbili na nusu hadi tatu na nusu kutoka sakafuni, peupe, karibu na watu. Basi hapo sina zaidi.

Radi nitaipitia mbio, ingawa haistahili mbio. Kifaa cha nje kiwe na kinga ya radi kwenye waya, na ile kinga ifungwe kwenye ardhi. Nimeziona zimefungwa vizuri, skrubu ya ardhi iko tupu, haina waya. Hiyo ni pambo. Na baina ya jengo na jengo, bangaloo hadi bangaloo, pelekeni faiba. Kioo hakipitishi umeme wa radi wala tofauti ya umeme baina ya ardhi za majengo mawili, na mita 100 haikuhusu tena. Upande wa mbali weka swichi ndogo ya PoE yenye umeme wake.

Ndipo tunafika hewani, mwisho kama nilivyoahidi. Kwenye 2.4 tumieni chaneli 1, 6 na 11, hazigongani. Upana uwe megahezi 20. Na nguvu ya kifaa isiwekwe mwisho kabisa. Mnanishangaa? Akses pointi ya nguvu inaweza kutoa miliwati 200. Simu ya mgeni inatoa labda 30. Simu inasikia kutoka mbali, lakini yenyewe haisikiki. Mgeni anaona vijiti vinne na ukurasa haufunguki, anakuja mapokezi kupiga kelele, na ana haki. Punguza nguvu, ongeza vifaa. Mwenye hoteli atakwambia unamuibia kwa kumuuzia vifaa vingi; mfanyie kipimo mbele yake kama nilivyomfanyia yule mzee.

Mkishamaliza kazi, mwachie mteja karatasi moja ndani ya kasha la swichi: poti ipi inakwenda wapi, kila kifaa kinakula wati ngapi, jumla ya swichi ni ngapi, betri itakaa saa ngapi. Kila ncha ya waya iwe na lebo, pande zote mbili. Fundi atakayekuja baada yako pengine ni wewe mwenyewe, usiku, umeme umekatika, tochi mdomoni.

Kesho saa mbili asubuhi kuna vitendo kwa waliojiandikisha. Kila mtu aje na krimpa yake ya kubania jeki, kisu, na kipande cha waya kutoka kazi yake ya mwisho. Tutavikwangua vyote mezani, hatutatajana majina. Ngazi ni mbili tu, kwa hiyo mtagawana makundi. Walioleta swichi zao wazisome ubavuni usiku huu waje na namba ya jumla.

Maswali sasa. Bi mkubwa wa safu ya tatu, mkono wako uko juu tangu niliposema betri. Karibu mama, maikrofoni inakuja.